Mzunguko wa Akina Mama Wasio na Gari

Mount Hope, Ohio
14 Oktoba 2013

Atlee mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama palepale kwenye sanduku la posta. Jirani yetu Ervin alipita na mkokoteni wa mahindi akaniuliza, "Lovina, kuna msiba?" Nikamwambia hapana, ila mwanangu anaendesha gari gizani kule Indiana. Akacheka. Mimi sikucheka.

Huku jalidi imeshapiga mara mbili. Tofaa zimekwisha kupikwa, nimekuwekea mitungi minne. Baba yako amepona jino.

Sasa nieleze vizuri. Unasema taa za mbele zilizimika zenyewe saa kumi alfajiri ukienda kiwandani, ukasimama pembeni, ukahesabu mpaka kumi ndipo zikarudi. Halafu unamalizia na kichekesho eti labda hukuwasha, si unajua sisi watu wa kandili hatujazoea swichi. Atlee! Sisi watu wa kandili ndio tusiosahau. Ulikuwa na miaka saba unawasha taa ya kigari kabla hata farasi hajafungwa, mpaka baba yako anakugombeza kwa kumaliza mafuta mchana. Mtoto wa namna hiyo hasahau swichi.

Uliponiambia unahama na unanunua gari, nililia siku tatu nikanyamaza. Hukuwa umebatizwa kanisani kwetu, hukuvunja ahadi yoyote ya kuishi bila gari, na mlango wetu uko wazi. Lakini gari la kupofuka njiani, hilo sikulikubali. Lipeleke kwa fundi. Wiki hii, si wiki ijayo.

Usinipigie simu kwenye kibanda cha simu. Katie wa ng'ambo ya barabara huwa anakuja kusubiri zamu yake kabla sijamaliza kusema hujambo. Niandikie.

Mama yako anayekuombea,
Lovina


LaGrange, Indiana
25 Oktoba 2013

Mama,

Nimelipeleka. Fundi akawasha taa, zikawaka. Akazima, zikazimika. Akawasha tena. Akaniangalia akasema, "Bwana mdogo, una hakika ulikuwa umelala vya kutosha?" Wenzangu kazini wameshajua. Asubuhi wananiletea kiberiti, wanasema Troyer, kawashe gari lako.

Kwa hiyo shida ni mimi, si gari. Sasa kabla ya kuondoka nashika swichi mara mbili. Usihangaike. Na tafadhali, mama, nakujua, usiwaandikie watu wa kiwanda cha magari. Watakucheka.

Mtungi mmoja kati ya ile minne ya tofaa umeshampa Ervin, nina hakika.

Mwanao,
Atlee


Mount Hope, Ohio
1 Novemba 2013

Kwa Kampuni ya Magari ya Halvard, kwa yeyote anayefungua barua,

Salamu. Naitwa Lovina Troyer. Mwandiko wangu si mzuri, nilisoma mpaka darasa la nane kama watu wote wa kanisa letu, tusiotumia umeme wala gari, kwa hiyo nivumilieni.

Mwanangu ana gari lenu la kijivu, milango minne, mwaka wa 2008. Taa zake za mbele zinazimika zote mbili kwa pamoja, halafu zinarudi zenyewe. Fundi hakuona kitu, kwa sababu alilitazama mchana, karakana ina joto, na gari limetulia. Mimi sijui magari, lakini nina ng'ombe anayechechemea akiwa malishoni tu. Ukimleta zizini kwa daktari anatembea kama bibi harusi. Mtazameni mgonjwa akiwa pale anapougulia.

Naomba mnijibu mapema. Majira ya giza yanaanza.

Lovina Troyer


Mount Hope, Ohio
1 Novemba 2013

Kwa dada zangu wa mzunguko,

Amani kwenu. Kama kawaida yetu, nimetoa barua yangu ya zamani kwenye bahasha inayotuzunguka, ile ya habari za kuku, naweka hii. Sisi kumi na mmoja tulianza mzunguko huu kwa sababu kila mmoja ana mtoto aliyetoka akaenda kuishi na watu wa nje. Tumeandikiana juu ya machozi, leo niruhusuni niandike juu ya taa.

Naomba kila mmoja, kabla hajaipeleka bahasha kwa anayefuata, amuulize mtoto wake, na amuulize na dereva anayemkodi kwenda hospitali au harusini: je, una gari la Halvard? Je, taa zimewahi kukuzimikia njiani? Andikeni siku, saa, na hali ya hewa. Najua mtasema Lovina amechanganyikiwa. Hata mimi nasema hivyo. Ulizeni tu.

Dada yenu,
Lovina


Kampuni ya Magari ya Halvard
Idara ya Wateja
21 Novemba 2013

Mpendwa Mteja,

Asante kwa kuwasiliana nasi. Kumbukumbu zetu hazionyeshi kwamba unamiliki gari la Halvard. Ili tushughulikie ombi lako, tafadhali tuma namba ya chasisi ya gari lako pamoja na nakala ya leseni yako ya udereva.

Tunathamini safari zako pamoja nasi.

R. Pruett


Mount Hope, Ohio
26 Novemba 2013

Bi. au Bwana Pruett,

Nashukuru kwa jibu. Ni kweli similiki gari la Halvard. Similiki gari lolote. Leseni sina, na safari zangu na ninyi hazijaanza, mimi nakwenda na farasi. Nina mtoto. Huyo ndiye ninayeandika kwa ajili yake.

Namba ya chasisi sijui inakaa wapi kwenye gari, lakini nitaitafuta. Na sasa hivi kuna akina mama kumi wanauliza swali langu katika majimbo matatu. Majibu yakifika nitawatumia.

Una watoto? Kama unao, basi utanielewa.

Lovina Troyer


LaGrange, Indiana
8 Desemba 2013

Mama,

Krismasi sitakuja, kazi ni nyingi. Gari nimeliegesha nyuma ya nyumba, sasa natembea kwa miguu, kwa hiyo acha kuwaza habari za taa. Hiyo kazi ya kuwaandikia kampuni, nakuomba iache kabisa.

Nimepata kazi shambani Montana. Basi linaondoka tarehe mosi Februari. Ni mbali, lakini ni sawa tu. Nisalimie baba.

Atlee


Kutoka katika bahasha ya mzunguko
LaGrange, Indiana
9 Desemba 2013

Dada zangu,

Mniwie radhi nimechelewa na bahasha, nyumba yangu imekuwa hospitali. Lovina ameuliza habari za taa, nami ninayo ya kwangu, tena si ya kusikia.

Jumatatu ya tarehe pili, giza limeshaingia na mvua ya barafu inadondoka, mume wangu Ura alikuwa anarudi kutoka kusaga nafaka. Anasema aliliona gari linakuja mbele yake kwa mbali, taa zake kubwa mbili zinawaka vizuri, hata akashusha kofia zisimuumize macho. Mara, giza. Anasema ilikuwa kama mtu amepuliza mshumaa. Kabla hajajua aende wapi, gari likamgonga ubavuni, kigari kikaingia mtaroni. Ura amevunjika bega la kulia. Farasi amechanika mguu, lakini ataishi.

Aliyetoka kwenye gari ni kijana. Hakupiga kelele kama watu wa nje. Alimkumbatia Ura kwanza, akamfunika koti lake, halafu akaenda kwa farasi aliyekuwa anarusha mateke, akamshika kichwa, akampulizia puani taratibu, akamwambia kwa Kijerumani chetu cha nyumbani, "Hapana haraka, bibi, hapana haraka." Farasi akatulia. Ura anasema hajaona mtu anatuliza farasi namna ile. Polisi alipofika, kijana alisema, "Kosa ni langu, nilisahau kuwasha taa." Ura alikuwa anabebwa kuingizwa kwenye ambulensi, maumivu yamemzidi, hakuweza kumsahihisha. Polisi aliandika jina Troyer, lakini akina Troyer huku ni wengi kuliko kuku.

Hatumdai kitu. Tunamwombea tu, maana Ura anasema alikuwa analia kuliko yeye aliyevunjika.

Verna Bontrager


Mount Hope, Ohio
17 Desemba 2013

Atlee,

Leo sianzi na hali ya hewa.

Bahasha ya mzunguko imefika. Imenenepa kama bata. Ndani yake mna majibu tisa juu ya taa za Halvard, na la mwisho ni la mwanamke wa huko uliko, mume wake amevunjika bega. Anaeleza habari za kijana aliyempulizia farasi puani na kumwita bibi. Mimi namjua mtu mmoja tu duniani anayewaita farasi bibi, hata wale wa kiume.

Nilikaa kwenye ngazi za jikoni nikaisoma mara ya pili. Halafu nilifanya jambo baya. Badala ya kuandika nilichokijua, nilitoa barua yangu ya zamani, nikaweka kipande kifupi cha habari za theluji, nikaipeleka bahasha posta mchana uleule, nikiogopa wenzangu wasije wakaiona sura yangu kwenye maandishi. Wewe umejificha na mimi nimejificha. Tumefanana.

Sasa niambie ukweli, na uniambie wewe, si fundi wala polisi. Uliwasha taa au hukuwasha?

Mama


LaGrange, Indiana
26 Desemba 2013

Mama,

Ni mimi.

Sijui. Hilo ndilo jibu langu, na linaniua. Nimelirudia mara elfu. Nakumbuka mvua. Nakumbuka kiakisi cha kigari, ile pembetatu nyekundu, kikitokea ghafla mbele yangu. Swichi siikumbuki. Mtu anayewasha kitu kila siku hakumbuki mara moja moja. Fundi alisema gari ni zima. Kwa hiyo nilisahau. Mtu aliyekua na swichi ukutani asingesahau. Mimi nilijifanya naweza, nikamvunja mtu wetu, mzee ambaye hata hakunipigia kelele.

Mara mbili nimekwenda mpaka kwenye uzio wa akina Bontrager nikageuka. Siwezi kukaa mji mmoja na bega lile. Usinizuie kwenda Montana. Huko hakuna vigari vya farasi.

Atlee


Mount Hope, Ohio
30 Desemba 2013

Atlee,

Lisome hili polepole. Yule mzee aliziona taa zako zinawaka. Mke wake ameandika hivyo, nimesoma kwa macho yangu. Zilikuwa zinawaka, halafu zikazimika. Aliona kwa mbali, akashusha kofia.

Hukusahau.

Mama


LaGrange, Indiana
6 Januari 2014

Mama,

Najua unanipenda. Ungesema hivyo hata kama gari halikuwa na taa kabisa. Kama ipo barua kama hiyo, ningependa kuiona.

Atlee


Kampuni ya Magari ya Halvard
Idara ya Wateja
9 Januari 2014

Mpendwa Bi. Troyer,

Nimeisoma barua yako ya Novemba zaidi ya mara moja. Ndiyo, ninao watoto, wawili.

Nisingeruhusiwa kusema mengi, lakini nitasema hili: si wewe wa kwanza kulalamika. Wahandisi wetu wamekuwa wakijibu kwamba madereva walisahau swichi, na hakuna aliyewahi kuthibitisha vinginevyo, kwa sababu kila shahidi alikuwa ndani ya gari. Kama kweli unao watu waliotazama tatizo hili, nitumie barua zao zenyewe, zenye saini, si muhtasari. Nitazipeleka mimi mwenyewe, na nakala itakwenda ofisi ya serikali ya usalama wa magari.

Rosalind Pruett


Mount Hope, Ohio
17 Januari 2014

Dada Verna,

Hii haiko kwenye bahasha ya mzunguko, ni yako peke yako. Keti kwanza.

Bahasha imerudi kwangu jana. Nilikuwa nimemwahidi mama mmoja wa kampuni kwamba nitamtumia barua zenu zote tisa. Nimeifungua, mna habari za viraka vya blanketi, mapacha wa Mattie, na jinsi ya kuondoa panya kwenye banda la shayiri. Barua za taa hamna hata moja. Verna, nilijipiga kofi la paji la uso. Kila mmoja amefanya kama tunavyofanya siku zote, bahasha inapokufikia unatoa yako ya zamani na kuweka mpya. Mimi mwenyewe ndiye niliyeipeleka raundi ya pili bila kunakili hata mstari. Mtu wa nje angeziweka kwenye sanduku. Sisi tumeziondoa kwa adabu, moja moja. Nimewaandikia wenzetu wote kadi wanirudishie kama bado wanazo. Sadie, anayekaa karibu, amejibu leoleo kwamba yake aliwashia jiko.

Lakini ninayoihitaji kuliko zote ni yako, na ili niiombe lazima nikwambie kitu ambacho nilipaswa kukwambia mwezi mmoja uliopita.

Yule kijana ni wangu. Ni Atlee. Niliposoma barua yako nilimjua, nikanyamaza, nikakuandikia habari za theluji huku mumeo hawezi kuinua kijiko. Sina cha kujitetea. Niliogopa, basi.

Anaamini alisahau. Tarehe mosi Februari anaondoka kwenda mbali na hatujui kama atarudi, kwa sababu ya kosa ambalo nadhani si lake. Mimi sina cha kumwonyesha, neno langu si la mtu aliyeona. Ni neno la Ura tu linaloweza. Kama umeichoma barua, au kama hutaki kuiona sura yangu tena, nitaelewa. Lakini kama unayo, nakupigia magoti.

Lovina


LaGrange, Indiana
22 Januari 2014

Dada Lovina,

Inuka, utaumia magoti.

Barua yangu ninayo, nilikuwa nimefungia mbegu za nyanya. Nimezimwaga mbegu, nimeikung'uta, imo humu ndani. Samahani kwa harufu.

Ura nilimsomea barua yako yote, pamoja na theluji. Akafumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Wiki saba mtoto wa watu anajibebesha gunia lisilo lake na hakuna aliyeniuliza mimi?" Akataka kalamu. Mkono wa kulia umefungwa, kwa hiyo ameandika kwa kushoto, ndiyo maana inaonekana kama kuku wamepita juu yake. Jana tulimwita polisi aje tena, akataka Ura aape. Sisi hatuapi. Lakini amethibitisha, na polisi ameandika.

Haya ndiyo maneno yake: "Mimi, Ura Bontrager, nilikuwa barabarani nikitazama mbele. Niliona taa mbili zinawaka. Nilihesabu nguzo tatu za uzio zikimulikwa. Baada ya nguzo ya tatu taa zote mbili zilizimika pamoja. Dereva hakusahau kuziwasha, kwa sababu mimi niliziona zinawaka tangu mbali kabla hazijazimika. Ninathibitisha hivyo mbele za Mungu."

Ameandika nakala mbili. Moja ya kampuni. Moja tumempelekea kijana. Ura hakukubali niiweke posta, amesema posta ni ya watu walio mbali. Amepanda kigari cha mkwe wetu, bega limefungwa hivyohivyo, akaenda kuipeleka mwenyewe.

Kuhusu kunyamaza kwako: hata mimi ningeandika habari za theluji.

Verna


LaGrange, Indiana
24 Januari 2014

Mama,

Mzee Bontrager alikuja.

Nilimwona dirishani nikatamani kutokea mlango wa nyuma. Akagonga kwa mguu, maana mkono mmoja umefungwa na wa pili umeshika karatasi. Nikafungua, nikaanza kusema nisamehe, akaniambia, "Nyamaza kwanza, nimeumia bega, sijaumia macho." Akanipa karatasi. Nikasoma pale mlangoni. Nguzo tatu, mama. Alihesabu nguzo tatu.

Nikamuuliza, "Una hakika?" Akasema, "Kijana, mimi nimeendesha farasi miaka hamsini nikitazama taa za magari, maana maisha yangu yako humo. Unadhani naangalia nini kingine barabarani, maua?"

Nilikaa chini sakafuni nikalia kama mtoto. Akakaa na yeye, kwa shida, akaniambia nimsaidie baadaye kuinuka. Tukakaa hivyo. Halafu akauliza kama kuna chochote cha kula, nikafungua mtungi wa tofaa ulionitumia, akala nusu yake na kijiko.

Tiketi ya basi nimeirudisha.

Mama, niliwasha. Niliwasha!

Atlee


Kampuni ya Magari ya Halvard
Idara ya Wateja
25 Machi 2014

Mpendwa Lovina,

Utapokea hii kabla tangazo halijatoka gazetini. Barua zenu tisa, pamoja na ile ya Sadie aliyoiandika upya na kuomba radhi kwa jiko, nilizipanga mezani mbele ya wahandisi sita. Mmoja aliisoma ya Bwana Bontrager akaiweka chini, akasema, "Basi. Hii si swichi." Kati ya barua tisa, saba zinataja ubaridi na unyevu, na huku kwetu hakuna aliyewahi kuuliza hali ya hewa. Wakaweka gari kwenye chumba cha barafu, wakalimwagia maji, wakaliacha liungurume. Dakika ya arobaini na moja taa zilizimika, na hakuna aliyegusa kitu. Ni kifaa kidogo cha kugawa umeme wa taa: unyevu unaingia, kinapata moto na kujizima, kikipoa kinajiwasha.

Magari laki moja na elfu arobaini yameitwa yarudishwe kwa mawakala wetu, kifaa kitabadilishwa bure. Mwanao ataletewa barua rasmi, na mmiliki yeyote atakayemfuata gari likiuzwa atakuwa na haki hiyohiyo.

Nimefanya kazi hapa miaka kumi na tisa. Hii ndiyo barua niliyoipenda kuliko zote nilizowahi kuandika.

Rosalind


LaGrange, Indiana
19 Aprili 2014

Mama,

Limetengenezwa. Nilisimama pale pale, fundi akaniambia nisubiri kwenye viti nikakataa. Akakitoa kifaa cha zamani, kidogo kama kisanduku cha kiberiti, akaniwekea kiganjani. Akasema, "Hiki ndicho kilichokutesa." Nikamuuliza naweza kuondoka nacho? Akasema sheria hairuhusu, inabidi kirudi kampuni. Nikasema sawa, kirudi, kikawaone waliokitengeneza.

Kazini hakuna tena kiberiti asubuhi. Wenzangu wawili wana Halvard. Wamekuja kuniuliza kwa upole, Bwana Troyer, ile barua inapatikana wapi?

Atlee


Mount Hope, Ohio
12 Mei 2014

Dada zangu wapendwa wa mzunguko,

Safari hii hakuna ruhusa ya kutoa barua zenu za taa. Nimeziweka nakala zake kwenye bahasha ya pili, inazunguka pamoja na hii, na atakayechomoa hata moja nitakuja kwake na farasi.

Mattie ameniuliza kama ni kweli. Ni kweli. Sisi kumi na mmoja, ambao hatujui hata namba ya chasisi inakaa wapi, tumeyarudisha nyumbani magari laki moja na elfu arobaini. Ervin jirani hataki kuamini. Nimemwambia aende akahesabu.

Sasa niwaambie ya Alhamisi. Nilikuwa nimekwenda kwa basi mpaka LaGrange, kwa Verna. Ura alikuwa na miadi ya bega kwa daktari, mji wa mbali kidogo, na dereva wao wa kukodi alikuwa mgonjwa. Verna anazunguka jikoni, atampigia nani, atafanya nini. Ura yuko mezani anakula mkate, akasema kama anayeomba chumvi, "Mwiteni Atlee."

Mwanangu alikuja. Uso wake mweupe kama unga. Akamfungulia mlango, akamfunga mkanda taratibu asiguse bega. Mimi na Verna tukakaa nyuma, tumeshikana mikono kama wasichana. Tulichelewa kwa daktari, na wakati wa kurudi giza lilikuwa limeshaingia na manyunyu yameanza. Atlee akawasha taa. Barabara yote ikafunguka mbele yetu, nguzo za uzio moja baada ya nyingine, sikuweza kuzihesabu.

Mwanangu ameshika usukani kwa mikono miwili, anakwenda kwa mwendo wa mazishi, magari matatu yamejipanga nyuma yetu. Mbele kukatokea kigari cha farasi, kwa mbali sana, kiakisi chake kinang'aa. Atlee akapunguza mwendo, akakipita kwa nafasi kubwa, na yule mwenye kigari akainua kofia, mwanangu akampungia mkono.

Hapo ndipo Ura akageuza kichwa akamtazama, akasema, "Kijana, taa nimeziona. Sasa kanyaga mafuta, farasi wangu angekuwa keshafika na keshafunguliwa."

Na Atlee akacheka, dada zangu. Akacheka, akakanyaga mafuta.

Dada yenu,
Lovina Troyer